Mtoto Anaposema "Mimi Sina Kesho"

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Ukunda, mwezi wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)

   

Niliombwa nizungumze juu ya vijana na maadili. Nikawaomba wenye kupanga darasa hizi wanibadilishie, kwa sababu ya maadili mumeyasikia tangu mwezi ulipoandama, na kuna watoto ambao hakuna anayewazungumza. Nakusudia wale ambao tayari wako katika matibabu ya akili. Mtoto ambaye ameshapelekwa hospitali, ana kadi yake ya kliniki, ana vidonge vyake kwenye bahasha, au amewahi kulazwa Port Reitz akatoka. Sisi watu wa nyumbani tukifika hapo huwa twashusha pumzi: alhamdulillah, ameshapata daktari, kazi imekwisha. Kumbe ndani ya ugonjwa ule kuna ugonjwa mwingine, na huo vidonge peke yake haviutoshi. Mtoto ameacha kuamini kwamba kuna kesho iliyo yake.

Wala msidhani ni watoto wawili watatu. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 44.3 walikuwa na tatizo fulani la akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa kwa vipimo vya madaktari. Hiyo ni karibu mmoja katika kila wanane. Hebu mwalimu wa madrasa mwenye watoto 40 mbele yake apige hesabu mwenyewe. Wengi wa hao hawajawahi kuonana na mtaalamu yeyote. Lakini mimi leo nawasemea wale wachache waliofika, maana hao ndio tunaodhani tumeshamalizana nao.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Twasema "kukata tamaa". Tamaa kwetu sisi imekuwa neno baya. Mtu wa tamaa ni mtu mchoyo, na twaambiana tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini asili yake katika Kiarabu ni kutarajia, na katika Surat As-Sajda wamesifiwa watu wa ibada za usiku kwamba humuomba Mola wao wakiwa na mambo mawili moyoni, khofu na hiyo tamaa. Tamaa hiyo njema ndiyo inayokatika kwa mtoto. Ni kama kamba ya ndoo. Kisima kina maji, mtoto ana kiu, lakini kamba imekatika. Sasa wewe ukisimama pale ukamwambia "maji yapo, mbona hunywi?" hujamsaidia kitu.

Na jambo hili si sawa na huzuni, ingawa huenda pamoja. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, na wenzake walitoa kipimo chenye sentensi 20 kuhusu mtu anavyoiona kesho yake. Mgonjwa hujibu kweli au si kweli, basi. Baadaye Alan Kazdin na wenzake wakatengeneza cha watoto, sentensi 17, wakakitumia miaka ya 1980 kwa watoto waliolazwa katika wodi za akili. Watoto wadogo hao, wa umri wa madrasa ya mwanzo. Wakaona kwamba nia ya mtoto ya kujidhuru ilifungamana zaidi na kukata tamaa kuliko na ile huzuni yenyewe. Kwa watu wazima nako ni hivyo hivyo. Mwaka 1985 Beck na wenzake walitoa habari za wagonjwa 207 waliolazwa wakiwa na mawazo ya kujiua, ambao walifuatiliwa kwa miaka 5 hadi 10. Waliokuja kujiua walikuwa 14, na katika wale waliokuwa wamejaza kipimo, karibu wote alama zao za kukata tamaa zilikuwa juu.

Basi mtoto anayelia sana si lazima awe ndiye wa kuogopewa zaidi. Anayelia bado anamlilia mtu. Msikilizeni yule aliyenyamaza, ambaye maneno yake yamekuwa mafupi. Hatasema "nimekata tamaa", hayo ni maneno ya vitabuni. Atasema nimechoka. Atasema ya nini kusoma. Mimi ni mzigo kwenu. Bora nisingezaliwa. Ukimuuliza Idd utavaa nini, anakwambia "nipeni chochote", na si kwa adabu, ni kwa sababu haioni hiyo Idd. Mwengine huanza kugawa vitu vyake, viatu vya mpira kampa huyu, simu kampa yule, na sisi twasema mashallah mtoto amekuwa karimu.

Sasa kamba hii hukatwa na nini? Ugonjwa wenyewe huikata, hilo kweli. Mtoto mwenye sonona, yaani huzuni ile nzito ya ugonjwa, ubongo wake wamuonyesha kila kitu kwa rangi ya majivu. Lakini sehemu kubwa twaikata sisi, kwa ndimi zetu, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Nitatoa mfano. Nimeutunga mwenyewe, asitafutwe mtu, maana sitara ya mgonjwa ni amana. Chukulia msichana wa miaka 15, kwao ni kati ya Gazi na Msambweni, yuko sekondari. Hali, halali, ajifungia chumbani, mwishowe asema asikia watu wakimsema na hakuna mtu. Bibi yake asema ni jicho. Apelekwa kwa mganga wa kwanza, aambiwa ni shangazi yake, na akifanyiwa dawa atapona kabla ya mwezi kuandama. Mwezi unaandama, hajapona. Wa pili asema ni pepo wa ukoo, wanataka ngoma, baada ya hapo atakuwa mzima. Yafanywa, pesa zatoka, hakuna kitu. Wa tatu amnywesha makombe, amwambia siku saba. Kisha ndio hospitali, na huko nako jamaa aliyemsindikiza amwambia kwenye matatu, "Hapa sasa umefika, wiki hii utakuwa sawa." Wiki yapita. Vidonge vyamtia usingizi, mdomo wakauka, na zile sauti bado.

Hesabuni: ahadi nne, zote zimevunjika mbele ya macho yake. Mtoto ana akili jamani, hata akiwa mgonjwa wa akili. Anajifunza. Anachojifunza ni kwamba kila anayemwambia "utapona" atakuwa amekosea, kwa hivyo yeye ndiye haponeki.

Na upande wa pili ziko kauli. Mama yuko jikoni na jirani, pazia ndilo lililo kati yao na mtoto, jirani asema, "Huyu tena kuolewa ni bahati." Mjomba asema ugonjwa wa akili hauna dawa, ni wa kufa nao. Watoto wenzake wamempa jina. Huko bara jina la Mathari, hospitali iliyoanza mwaka 1910, limekuwa tusi midomoni mwa watu. Kwetu Pwani jina la Port Reitz nalo halikusalimika. Kisha yatendeka jambo dogo ambalo hakuna hata anayeliona: sare yake ya shule yapewa mdogo wake. Si kwa ubaya. Ilikuwa imekaa tu na mdogo wake anakua. Lakini yule msichana aliyelala chumbani amemuona mdogo wake akipita mlangoni asubuhi amevaa sare yake, na hakuna aliyemwambia neno. Hapo ameshaambiwa yote.

Kauli nzito na ahadi nyepesi. Hivi viwili ndivyo vinavyokata tamaa ya mtoto mgonjwa, na vyote viwili twavitoa kwa mapenzi.

Ndio maana mimi hupenda daktari anayemwambia mtoto ukweli. "Dawa hii ya huzuni huchukua wiki mbili mpaka nne, pengine zaidi, ndipo uanze kuona tofauti. Wiki ya kwanza waweza kuhisi kichefuchefu au usingizi ukapotea. Ukiona hivyo si kwamba umeshindwa, ni dawa inaingia." Mtoto aliyeambiwa hivi, kichefuchefu kikija, badala ya kusema "sifai" atasema "si nilimbiwa?" Ile dalili mbaya imekuwa ushahidi kwamba kuna mtu anayeijua njia. Na wazazi nao wajue kwamba tangu mwaka 2004 idara ya dawa ya Marekani ilitaka dawa hizi za sonona ziandikwe onyo kwa watoto na vijana, kwamba baadhi yao mawazo ya kujidhuru huweza kuongezeka, hasa mwanzoni. Hilo si la kumfanya mtu azitupe. Ni la kumtazama mtoto kwa karibu wiki zile za mwanzo na kumrudisha kwa daktari upesi akibadilika.

Sasa naja kwenye jambo la dini, maana najua liko kwenye vifua vya wengi hapa.

Mtoto akisema hana tamaa ya maisha, jawabu letu la haraka ni lipi? "Imani yako ni ndogo." Tena twamletea aya ya Surat Yusuf, kwamba hawakati tamaa na rehma ya Mwenyezi Mungu isipokuwa makafiri. Aya ni haki, hatuibishi. Lakini mwenye kuitumia aya na atazame inasemwa na nani na inaambiwa nani. Aliyesema ni Nabii Yaaqub (A.S.), na aliisema akiwa mzee aliyelia miaka mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Mtume wa Mwenyezi Mungu, na huzuni ikamfika macho! Hakuna aliyemwita kafiri. Naye hakuambiwa aya ile, aliwaambia wanawe, wale wenye afya na miguu, tena ndio haohao waliosababisha msiba. Na hakuwaambia wakae watarajie tu. Aliwaambia waende, wakamtafute Yusuf na ndugu yake. Kwa hivyo mimi nikiisoma, naona aya ile yatuelekea sisi wazima kabla ya kumwelekea aliyelala kitandani. Sisi ndio tulioamrishwa tusimkatie tamaa, na tuinuke twende.

Tazameni pia Bi Maryam. Uchungu ulipomshika pale penye mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile na amesahauliwa kabisa. Maneno mazito, na wayasema mwanamke bora. Hakukemewa. Aliitwa, akaambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji ya kunywa na akaambiwa autikise mtende apate tende mbivu, ale, anywe, atue moyo. Sisi tunaofungua saumu kila jioni kwa tende na maji twapaswa kulifahamu hili zaidi ya watu wengine: mwenye kutamani mauti alijibiwa kwa chakula, maji na sauti ya upole.

Kuna watoto, wallahi, wanaoficha mawazo yao kwa sababu wanaamini kwamba wazo tu likipita kichwani wameshatoka kwenye Uislamu. Wanaogopa kumwambia hata daktari. Waambieni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi zinawanong'oneza, madamu hawajayatenda wala kuyatamka. Na atakayesema kuyatamka kwa daktari ni dhambi, basi na anayemuonyesha daktari jipu lililoko mahali pa siri atamwambiaje? Huko ni kutafuta tiba, na tiba tumeamrishwa.

Wala elimu hii si ya kizungu, kama wengine wanavyodai. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaigawa huzuni mara mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayokuja bila sababu kujulikana, ambayo aliiona chanzo chake kiko mwilini na yahitaji tiba ya mwili. Miaka zaidi ya elfu iliyopita! Majini yapo, Qur'ani imeyataja, na kumsomea mgonjwa ni sunna. Msomeeni. Lakini kisomo hakimfukuzi daktari, na yeyote anayewaambia mwage vidonge kwanza ndipo asome, huyo muulizeni ameyatoa wapi. Na yule anayemfunga mtoto kamba au kumpiga ili "pepo atoke", huyo simuulizi kitu. Huyo apelekwe kwa chifu.

Nirudi kwa mzazi. Unamuona mtoto amekuwa hivyo, ufanye nini? Muulize. Muulize wazi: "Mwanangu, je, huwa wafikiri ni bora usingekuwepo? Wafikiria kujidhuru?" Najua mkono wa moyo watetemeka. Watu wana khofu mbili hapa. Khofu ya kwanza ni kwamba ukimuuliza utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Hili limechunguzwa. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti wa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000 katika jimbo la New York. Nusu waliulizwa maswali ya kujiua na nusu hawakuulizwa, na walioulizwa hawakudhurika. Waliokuwa tayari na dhiki ndio hasa walioonekana kupata nafuu kidogo.

Khofu ya pili ilikuwa ni ya polisi, na hiyo ilikuwa na haki yake. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Familia zikawa zikimfikisha mtoto hospitali zadanganya: alianguka, alikosea chupa. Daktari atibu tumbo, moyo usitibiwe, mtoto arudi nyumbani vilevile alivyotoka. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Kwa hivyo mzazi wa Lunga Lunga au Vanga aliyekuwa akiogopa, habari ndiyo hiyo. Mwambieni daktari ukweli.

Na mtoto akijibu ndiyo? Usipige ukelele, usimtie hotuba. Mshukuru kwamba amekwambia. Usimuache peke yake usiku huo. Vidonge vyote vya nyumbani, hata vya nyanya vya presha, na sumu za panya na za shambani, viondoke mahali anapofika. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za mashambani, vifo vya kujiua nchini mle vilishuka sana, maana ile saa ya hatari mara nyingi hupita mtu akikosa cha kushika. Kisha nendeni hospitali iliyo karibu, Msambweni, Kwale, Kinango, usingoje tarehe ya kliniki. Kama mmekwama, iko simu ya bure ya watoto, 116, ya Childline Kenya, na ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Sasa vijana, nyinyi mumekaa huko nyuma mwadhani maneno haya ni ya wazazi. Sivyo.

Wakati wa hatari kubwa kwa aliyelazwa wodi ya akili ni wiki za mwanzo baada ya kutoka. Hili limeonekana nchi baada ya nchi. Kule wodini kulikuwa na watu, saa za dawa, saa za chakula. Akirudi kijijini yuko peke yake na jina alilopewa. Kijana akivunjika mguu kwenye mpira pale Ukunda, jioni hiyohiyo twaenda kumtazama, machungwa mkononi, twamuandikia majina yetu kwenye plasta. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu. Aliyetoka Port Reitz je, nani amemzuru? Au haki ile ni ya mifupa tu?

Kuna vijana wa Kenya waliotuonyesha kitu. Mradi uitwao Shamiri, jina ambalo sisi twalielewa bila tafsiri, uliwafundisha vijana wa miaka 18 hadi 22, si madaktari, kuongoza vikao vinne vya saa moja moja na wanafunzi wa sekondari. Matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu yalitolewa mwaka 2021: waliohudhuria vikao hivyo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Na walifundishwa nini? Kwamba mtu hubadilika, akili hukua, na jana si muhuri. Kushukuru. Kujua ni nini unachokithamini ukakifanyia kazi. Haya hata hapa twayasema kila siku, ila twayasema kwa kelele na kwa kidole. Sisemi vikao vile vyatosha kwa mtoto mgonjwa sana, huyo ni wa daktari. Nasema kijana wa miaka 20 aliyefundishwa vizuri, na nyuma yake kuna mtaalamu, ana anachoweza kufanya, na chama hiki kina vijana wa umri huo tele.

Tena mengine hayahitaji mafunzo. Kutoka Vanga mpaka Msambweni ni nauli. Mpaka Port Reitz, hata ukipita Dongo Kundu ukaikwepa feri, ni nauli, na ni siku nzima ya kibarua mzazi ameikosa. Mtoto hukosa kliniki si kwa sababu hataki, bali mama hana. Chama kikichanga nauli ya watoto watatu tu kwa mwezi, na kijana mmoja akawa ndiye wa kufuatana naye, tena yuleyule kila mara, hapo mumefanya kazi kubwa. Tazameni kadi ya kliniki. Daktari akimaliza huandika tarehe ya kurudi. Kwetu sisi ni tarehe tu. Kwa mtoto aliyesema hana kesho, ile ni kesho imeandikwa kwa kalamu, na kuna mtu amekubali kumngojea siku hiyo. Kwa hivyo ukimwambia "Jumanne saa moja nitakuja kukuchukua", njoo Jumanne saa moja. Kama huwezi kuja, usimwambie. Usimuahidi kupona, kupona hukuumiliki. Muahidi Jumanne.

Na sare ya yule msichana irudishwe kabatini, ipigwe pasi. Akiambiwa na mwalimu mkuu kwamba nafasi yake ipo, hata kama ataanza kwa nusu siku, hilo litafanya kazi ambayo mawaidha yangu haya hayawezi.

La mwisho ni la mwezi wenyewe, maana hapa watu huteleza. Kila Ramadhan wako wagonjwa wanaoacha vidonge ili wafunge, na watoto huiga. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi yaweza kuhamishwa usiku. Ya mara mbili, nyingi zaweza kwenda futari na daku. Lakini muulizeni daktari kabla, wala msijipangie, kwa sababu ziko ambazo hazitaki mchezo: dawa iitwayo lithiamu, mwili ukikauka maji kwenye joto letu hili huweza kupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu. Dawa za kifafa nazo, ambazo watoto wengi huzichukua kliniki hiyohiyo ya akili, ukiruka kipimo kimoja kifafa chaweza kurudi. Na usingizi pia. Kijana mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa moyo, kukesha kumi lote la mwisho kwaweza kumuamsha ugonjwa. Aswali taraweh, alale.

Mgonjwa ameruhusiwa kula, na ruhusa hiyo ameitoa Mwenye saumu mwenyewe, katika Surat Al-Baqara. Basi kijana akila mchana kwa amri ya daktari asizomewe. Kwa mtoto aliyekwishajiona hafai, kula peke yake nyuma ya mlango mwezi mzima, huku nyumba nzima imefunga, ni kumwambia hata kwa Mungu hana nafasi. Mpeni sehemu yake. Apange tende kwenye sahani, apeleke futari msikitini, ahesabu vikombe, awaamshe watu daku. Kama atalipa kadha au atatoa fidya, hilo muulizeni shehe wenu mkiwa na maneno ya daktari mkononi, kila mtu na hali yake.

Naona mwadhini ameanza kutazama saa, na mama zetu wana vyungu motoni. Mwenye swali ambalo hawezi kuliuliza mbele za watu, nitakuwa pale kwenye baraza baada ya Magharibi, na ninachoambiwa pale hakitoki. Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.